Malipo ya Awali au Hati ya Kipindi? Uhakiki wa Istilahi za Kulipia Dawa

1. Utangulizi

Nyanja za sheria, benki na uhandisi zimekwisha kupata orodha zake za istilahi, na mijadala juu yake imeendelea kwa miaka mingi. Nyanja ya malipo ya matibabu haijapata bahati hiyo. Maneno yake yameingia moja moja, kwa njia ya matangazo ya hospitali, barua za serikali na mazungumzo ya watu dirishani, na kila ofisi imejichagulia lake. Matokeo yake ni kwamba neno moja hubeba dhana tatu, na dhana moja huitwa kwa majina manne. Mwanafunzi akikosea istilahi ya sarufi hupoteza alama; mgonjwa akikosea istilahi ya malipo hupoteza fedha, na mara nyingine huacha dawa.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi hizo, yaani zile zinazohusu mpango wa mtu anayetumia dawa mfululizo kulipa fedha mapema, kwa mkupuo, ili asitozwe kila anapochukua dawa. Mfano tuliouchagua ni wa Uingereza, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mpango wa huko ni wa zamani na taratibu zake zimeandikwa wazi, na kwa hiyo dhana yake yaweza kupimwa bila kubahatisha. Ya pili ni kwamba wako wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, waliotoka Tanzania, Kenya, Kongo na Barawa, ambao huhitaji kuelezwa mpango huo kwa lugha yao, na wafasiri ndio wanaopewa kazi hiyo. Rasimu kadhaa za tafsiri za namna hiyo zimepita mikononi mwetu. Humu tunajadili maneno yaliyomo, wala hatuwajadili walioyaandika.

2. Dhana yenyewe

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukijua kitu. Huduma ya Taifa ya Afya ya huko ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mwanzoni dawa zilitolewa bila malipo. Mwaka 1952 ikawekwa ada ya shilingi moja kwa kila karatasi ya daktari. Mwaka 1956 ada hiyo ikageuzwa kuwa ya kila dawa iliyoandikwa katika karatasi. Ada ilifutwa mwaka 1965, kisha ikarudishwa mwaka 1968 pamoja na orodha ya watu wasiotakiwa kulipa. Katika orodha ya sasa wamo watoto wa chini ya miaka 16, watu wenye miaka 60 na zaidi, wajawazito na waliojifungua katika miezi 12 iliyopita, pamoja na wagonjwa wa maradhi machache yaliyotajwa kwa majina, kama vile kifafa kinachohitaji dawa za mfululizo, kisukari kinachotibiwa kwa dawa, na, tangu mwaka 2009, saratani. Pumu haimo. Shinikizo la damu halimo.

Hapo ndipo mpango tunaouzungumzia unapopata maana. Mtu mwenye pumu, mwenye miaka 40 na mshahara wa kawaida, hulipa kila dawa. Ada iliyowekwa tarehe 1 Mei 2024, na kubakizwa vile vile mwaka 2025, ni paundi 9.90 kwa kila dawa. Lakini mtu huyo aweza kununua hati ya miezi 12 kwa paundi 114.50, au ya miezi mitatu kwa paundi 32.05, na katika muda huo asitozwe tena ada ya dawa hata akiandikiwa dawa ngapi.

Hesabu yake ni nyepesi. Anayechukua dawa mbili kila mwezi hulipa paundi 237.60 kwa mwaka. Akiwa na hati hulipa 114.50, na hubakiwa na paundi 123.10. Anayechukua dawa moja kila mwezi angelipa paundi 118.80, na faida yake ni paundi 4.30 tu. Anayechukua dawa moja kila miezi miwili angelipa paundi 59.40, na huyo akinunua hati amepata hasara ya paundi 55.10. Mpaka upo kwenye dawa ya 12 kwa hati ya mwaka, na dawa ya nne kwa hati ya miezi mitatu. Asiye na paundi 114.50 kwa pamoja aweza kulipa kwa mafungu kumi yanayokatwa benki, ila akishaanza amejifunga kumaliza yote.

Kutokana na maelezo haya twaweza kuitaja dhana kwa alama zake tano. Kwanza, fedha hulipwa kabla ya dawa kuchukuliwa. Pili, kiasi hakibadiliki kwa wingi wa dawa. Tatu, haki ina mwanzo na mwisho. Nne, haki ni ya mtu mmoja aliyetajwa. Tano, kinacholipiwa ni ada ya dawa peke yake. Ada ya matibabu ya meno, kwa mfano, haimo. Istilahi nzuri si lazima itaje zote tano, lakini haipaswi kukanusha hata moja.

3. Kasoro ya "malipo ya awali"

Tafsiri inayopendwa zaidi ni "cheti cha malipo ya awali ya dawa". Mfasiri amechukua kila neno la jina la Kiingereza na kulitafutia mwenzake. Kwa sura, kazi imekamilika. Kwa maana, haijaanza.

Mtumishi wa serikali anayesoma makala haya anajua "malipo ya awali" ni nini. Mkandarasi wa barabara hupewa malipo ya awali, na salio likafuata. Mnunuzi wa kiwanja hutoa malipo ya awali, na asipomalizia hukosa kiwanja. Katika matumizi yote hayo neno "awali" linaahidi kwamba kuna la pili, na wazee wangeliita jambo hilo arbuni. Sasa mgonjwa aambiwe kwamba paundi 114.50 ni malipo ya awali ya dawa zake. Atauliza salio ni kiasi gani, na atalipwa nani. Aliye mwangalifu atakataa kuingia katika deni asilolijua mwisho wake, naye ndiye hasa mpango ulikusudiwa kumpunguzia mzigo. Istilahi imesema kinyume cha dhana: pale ambapo malipo yamekwisha, yenyewe inasema yameanza.

Wengine wameliona tatizo hilo, wakapendekeza "kulipia kabla", kwa kufuata matumizi ya simu na umeme. Pendekezo hili ni bora kuliko la kwanza, kwani halidokezi salio. Lakini nalo lina mtego. Mtanzania anapofikiria kulipia kabla, hufikiria Luku, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Katika Luku mtu hununua uniti. Akizitumia upesi huisha upesi, akizitumia polepole hubaki. Hati ya dawa haina uniti. Aliyechukua dawa 12 na aliyechukua dawa 60 wamelipa sawa; na mwaka ukiisha hakuna kinachobaki kwa yule aliyechukua chache. Tumesikia swali likiulizwa kwa nia njema kabisa: "Nikiugua kidogo mwaka huu, dawa zilizobaki nitazichukua mwakani?" Muulizaji hakuwa mjinga. Alifuata neno alilopewa, nalo likamfikisha kwenye mita ya umeme.

Kwa hiyo "kabla" hutaja alama moja tu kati ya tano, nayo si ile iliyo muhimu zaidi. Kiini cha mpango hakipo katika wakati wa kulipa. Kimo katika kwamba malipo ni ya muda, wala si ya idadi.

4. Cheti juu ya cheti

Neno "cheti" lina shida nyingine. Katika hospitali na maduka ya dawa mengi ya Tanzania, karatasi ambayo daktari anaandika dawa huitwa cheti. "Una cheti?" ndilo swali la muuza dawa, naye hakusudii cheti cha kuzaliwa. Kwa wengine karatasi hiyo ni agizo la daktari, lakini neno cheti limeenea mno kuweza kupuuzwa. Mfasiri akisema "onyesha cheti chako kwa mfamasia", msomaji atatoa karatasi ya daktari, na ataulizwa mbona hana hati ya malipo. Akisema "cheti hiki hudumu miezi 12", msomaji ataelewa kwamba aliloandikiwa na daktari litamtosha mwaka mzima bila kumrudia. Hilo ni kosa la afya, wala si la fedha tu.

Jambo hilo hilo huonekana katika kipimo cha ada. Tumekutana na sentensi isemayo "utalipa paundi 9.90 kwa kila cheti". Kama cheti ni karatasi, sentensi hiyo ilikuwa kweli mwaka 1952, lakini haijawa kweli tangu 1956. Karatasi moja yenye dawa tatu hulipiwa mara tatu, yaani paundi 29.70. Mgonjwa aliyesoma tafsiri hiyo atafika dirishani na paundi kumi, na huenda akachagua mwenyewe dawa ya kuchukua na ya kuacha. Mfasiri hapa hakuhitaji istilahi mpya. Alihitaji kusema "kwa kila dawa iliyoandikwa".

Tunapendekeza neno "cheti" liachiwe karatasi ya daktari, kwa kuwa watu wamekwisha kulipa kazi hiyo, na kinachonunuliwa kiitwe "hati". Neno "kadi" tumelifikiria tukaliacha, kwa sababu siku hizi hati hiyo mara nyingi hutumwa kwa barua pepe, na msomaji asije akaisubiri kadi ya plastiki isiyokuja.

Papo hapo tuliseme na neno "risiti". Huko Uingereza, mtu anayelipa ada huku akitazamia kurudishiwa fedha, kwa mfano kwa sababu hati yake bado haijamfikia, hana budi kuomba fomu maalumu, iitwayo FP57, wakati uleule anapolipa. Baadaye hapewi tena. Madai yenyewe hupelekwa ndani ya miezi mitatu. Risiti ya kawaida ya duka haikubaliwi. Tafsiri inayosema "tunza risiti yako" ni Kiswahili safi, na inamnyima mtu fedha zake. Neno linalofaa ni "fomu ya marejesho", na namba ya fomu iandikwe kando yake kama ilivyo, kwa kuwa ndiyo anayoijua mfamasia.

5. Bima, msamaha, tikiti

Kuna wanaoona kwamba mambo yote haya yangekwisha kwa kusema "bima ya dawa". Neno bima ni la zamani katika lugha yetu na linaeleweka. Hata hivyo, bima ni mpango wa wengi kuchangia hasara isiyojulikana itampata nani. Anayekata bima ya moto hatarajii nyumba kuungua. Anayenunua hati ya dawa anajua kabisa kwamba atahitaji dawa. Anajua na idadi, na ndiyo maana hununua. Tena bima huwa na masharti ya kumkubali au kumkataa mtu, na hati hii haina. Tukiiita bima, tutakuwa tumempa msomaji kisingizio cha kuuliza kama ugonjwa aliokuwa nao kabla ya kujiunga utakubaliwa.

Neno "msamaha" nalo lina hatari ya aina yake. Hospitalini kwetu, msamaha ni kule kuruhusiwa kutolipa, kwa sababu ya umri, ujauzito, ugonjwa au umaskini. Rasimu mojawapo imeiita hati ya dawa "cheti cha msamaha wa malipo". Huko Uingereza mgonjwa hujaza sehemu ya kueleza kwa nini halipi dirishani, na mwenye msamaha na mwenye hati wana visanduku tofauti. Anayetia alama ya msamaha asiokuwa nao aweza kudaiwa ada aliyokwepa pamoja na tozo ya adhabu ya hadi mara tano yake, isiyozidi paundi 100. Mtu aliyelipa mapema kwa uaminifu asifikishwe huko na mfasiri.

Waingereza wenyewe, katika mazungumzo, huifananisha hati hii na tikiti ya msimu ya gari la moshi. Wazo ni zuri, maana tikiti hiyo pia ni ya muda na haihesabu safari. Lakini "msimu" kwetu ni wa pamba, wa korosho, wa upepo wa kaskazi na kusi. "Tikiti ya msimu ya dawa" itamfanya msomaji afikirie malaria ya masika. Mfano wa lugha moja hauhamishwi ovyo kwenda nyingine. Kinachofaa kuchukuliwa ni hoja iliyo ndani yake, yaani muda.

Siku hizi vijana wangesema "kifurushi", na neno hilo limekwisha kuingia rasmi katika nyanja ya afya: mwezi Novemba 2019 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa Tanzania ulitangaza vifurushi vilivyoitwa Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Hatulipingi mahali pake. Lakini kifurushi cha bima ni orodha ya huduma zilizofungwa pamoja, na kifurushi cha simu kina kiasi kinachokwisha. Tukiliingiza hapa tunarudi kwenye kosa la uniti.

6. "Mchango": neno lililolemewa

Uhakiki wetu ungekuwa na upungufu kama tungetazama ya ng'ambo tu na kuyaacha ya nyumbani. Mfasiri hapotoki kwa uzembe wake peke yake. Hupotoka kwa sababu lugha ya ofisi zetu haijamwekea mipaka.

Mwezi Julai 1993 Tanzania ilianza kutoza ada katika hospitali za serikali, na utaratibu huo ukaitwa "uchangiaji wa gharama". Kisha ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria yake mwaka 2001, ambamo kaya ililipa mara moja kwa mwaka. Na malipo hayo nayo yakaitwa mchango. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001, hukata sehemu ya mshahara wa mtumishi. Nayo ni mchango. Na jioni mtumishi huyo akifika nyumbani, hukuta kadi ya mchango wa harusi.

Kwa hiyo neno moja lina dhana nne: ada ya papo kwa papo, malipo ya mwaka ya kaya, makato ya mshahara, na hisani. Dhana ya nne ndiyo ya asili, na ndiyo inayozitawala nyingine. Mchango wa msiba hutolewa kwa kadiri ya uwezo, na asiyenacho hafukuzwi matangani. Mzee anayeambiwa na karani kwamba "achangie" shilingi elfu kumi, akajibu kwamba leo ana elfu mbili, hajafanya ubishi. Amelitumia neno kama linavyotumika. Karani naye anajua kwamba hiyo ni ada, na kwamba hana mamlaka ya kuipunguza. Wote wawili wamekasirishwa na neno ambalo hawakulichagua.

Tunajua kwa nini neno hilo lilichaguliwa. "Ada" lilisikika kali, na "mchango" lilisikika laini. Kulainisha ni kazi halali ya lugha ya siasa; si kazi ya istilahi. Istilahi ikilainishwa, ukali hauondoki: unahama kutoka katika tangazo na kumsubiri mwananchi dirishani.

Jina la Mfuko wa Afya ya Jamii nalo lina utata wake. "Afya ya jamii" ni jina la taaluma ya kulinda afya za watu wote, kama vile maji safi, vyoo na chanjo. Msomaji mgeni hawezi kujua kutokana na jina peke yake kwamba huo ni mpango wa kaya kulipia matibabu yake mapema. Jina la mpango wa mijini, Tiba kwa Kadi, lililofupishwa kuwa TIKA, lilieleza zaidi kwa maneno machache: kuna tiba, nawe utaipata kwa kuonyesha kadi. Halikutaja malipo, lakini halikudanganya.

Mazoea haya ya nyumbani humfuata msomaji akienda mbali. Katika mfuko ulioboreshwa kuanzia mwaka 2018, kaya ya watu hadi sita katika sehemu nyingi za Tanzania Bara ililipa shilingi 30,000 na wote wakatambuliwa. Mama aliyetoka katika mpango huo, akisoma huko Uingereza kwamba "hati hulipiwa paundi 114.50 kwa mwaka", hana sababu ya kudhani kwamba mumewe hamo. Lakini hamo. Kiingereza hakikuona haja ya kulisema katika jina. Kiswahili kina haja ya kulisema, angalau katika sentensi ya kwanza ya maelezo.

7. "Dawa za kawaida" na "dawa sugu"

Tupite haraka katika istilahi mbili zinazofuatana na hizi. Dawa anazotumia mtu mwezi hadi mwezi zimeitwa na baadhi ya wafasiri "dawa za kawaida". Kawaida ni hali isiyo na upekee. Dawa ya kawaida ni ile ya kutuliza maumivu inayouzwa dukani. Dawa za kifafa au za pumu si za kawaida kwa mtu yeyote. Wengine wamesema "dawa sugu", kwa kufupisha "dawa za magonjwa sugu". Hili ni kosa zito zaidi, kwa sababu "usugu" umekwisha kupata kazi katika tiba: ni ile hali ya vimelea kushindwa kuuawa na dawa. "Dawa za mfululizo" inatosha. Inasema kwamba zinafuatana bila kukatizwa, na ndivyo daktari anavyotaka zitumiwe.

8. Jina la nchi

Jambo hili si la malipo, lakini bila kulitengeneza maelezo yote hapo juu yatakuwa uongo. Kiswahili hutumia jina "Uingereza" kwa nchi moja na kwa muungano wa nchi nne. Katika mambo mengi utata huo haudhuru. Hapa unadhuru. Wales ilifuta ada ya dawa mwaka 2007, Ireland ya Kaskazini mwaka 2010, na Uskoti mwaka 2011. Msemaji wa Kiswahili anayeishi Glasgow au Cardiff, akiambiwa anunue hati kwa sababu "Uingereza dawa hulipiwa", ameambiwa anunue kitu asichokihitaji. Tunashauri katika maandishi ya utawala "Uingereza" iwe ni ile nchi moja, na muungano wote uitwe Ufalme wa Muungano. Katika makala haya tumefuata kanuni hiyo.

9. Mapendekezo

Baada ya kupima hayo yote, twapendekeza yafuatayo.

(a) Hati ya kipindi ya kulipia dawa. Kwa kifupi, hati ya kipindi: hati ya mtu mmoja, inayonunuliwa kwa kiasi maalumu, inayomwondolea ada ya kila dawa iliyoandikwa katika muda uliotajwa. Tumechagua "kipindi" badala ya "muda" kwa sababu "hati ya muda" ni hati inayosubiri nyingine ya kudumu. Ni kweli kwamba kipindi ni pia cha redio na cha darasani. Lakini vyote viwili vina mwanzo na mwisho unaojulikana, na hiyo ndiyo alama tunayoitaka.

(b) Ada ya dawa: kiasi kinachotozwa kwa kila dawa iliyoandikwa. Lisitumike "mchango" wala "gharama", kwani ada si gharama halisi ya dawa.

(c) Cheti cha daktari: karatasi yenye dawa zilizoandikwa.

(d) Msamaha wa ada: haki ya kutolipa, isiyonunuliwa.

(e) Mchango wa bima: makato au malipo ya lazima kwa mfuko. Neno "mchango" lisisimame peke yake katika nyanja hii.

(f) Fedha kwa mafungu: malipo yaliyogawanywa, ambayo mlipaji amejifunga kuyamaliza.

(g) Dawa za mfululizo: dawa zinazotumiwa bila kukatizwa kwa ugonjwa wa muda mrefu.

Kwa hati ile nyingine iliyoanzishwa huko Uingereza mwezi Aprili 2023 kwa ajili ya dawa za homoni za wanawake waliokoma hedhi, ambayo bei yake ni paundi 19.80 kwa mwaka, yaani sawa na ada mbili, yatosha kusema "hati ya kipindi ya dawa za homoni". Istilahi inayozaa nyingine bila kuvunjika ni dalili kwamba imekaa vizuri.

Mfasiri anayefanya kazi huko asilifute jina la Kiingereza la hati. Aliweke mara moja, kando ya jina la Kiswahili, kwa kuwa mgonjwa atalihitaji akizungumza na mfamasia. Tafsiri haikusudiwi kumkata msomaji na ofisi anayoiendea.

10. Hitimisho

Mwaka 2023 Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huo huo Kenya ikapitisha sheria iliyouondoa mfuko wake wa tangu mwaka 1966 na kuweka mpango mwingine ulioanza Oktoba 2024. Kutokana na sheria hizo zitatoka fomu, kanuni, matangazo ya redio na mabango ya zahanati. Kila moja litamtaka mwananchi atoe fedha leo kwa ajili ya ugonjwa wa kesho. Ombi la namna hiyo ni gumu hata likielezwa vizuri.

Kwa hiyo twawaomba walimu walifanye jambo hili zoezi: wawape wanafunzi tangazo lolote la malipo ya matibabu, na kuwauliza maswali manne. Nani analipa? Analipa lini? Analipia nini? Baada ya hapo anadaiwa nini tena? Tangazo ambalo wanafunzi kumi wanalijibu kwa namna kumi lina istilahi mbovu, hata kama sarufi yake haina doa. Watumishi wa serikali nao wangefaa kulifanya zoezi hilo hilo kabla ya kutia sahihi.

Mapendekezo yetu si amri. Wasomaji wenye istilahi bora, hasa walio katika maduka ya dawa na zahanati, wanakaribishwa kutuletea, pamoja na sentensi ambamo waliyasikia maneno hayo yakitumika.